Futi Kumi kwa Kumi na Mbili

Nilichora juu ya pakiti ya unga niliyoipasua,
upande ule mweupe usio na maandishi:
futi kumi kwa kumi na mbili,
baraza ya kiti kimoja na paka,
dirisha la mashariki litazame banda la Karembo.
Mama akaipokea, akaigeuza, akasoma bei ya unga.
"Ni choo?"
"Ni chumba changu, Mama."
"Kwani kile cha ndani kimekukosea nini?"

Huku Mutuini shamba ni neno la heshima tu.
Zilikuwa ekari tatu, zikagawanywa, zikagawanywa tena,
sasa ni robo na ushee: napia, sukumawiki,
ng'ombe mmoja, na ghorofa ya jirani
inayotuchungulia tukikamua.
Kila mwaka huja mtu wa viatu visivyojua udongo
kumwuliza Mama bei.
Mama humpa maziwa. Bei hampi.

Njuguini, kaka yangu, alikuja Jumapili na futi kamba,
akapima toka ua hadi nguzo yangu ya kwanza,
akarudia,
kana kwamba ardhi ingebadili ushahidi.
"Ni nguzo tu," nikamwambia, "hazina mizizi."
"Hata mti," akasema, "ulianza kwa kusimama."

Mbao ni za mkabela wa Baba.
Tuliuangusha Juni, kisiki bado kinatoa maji.
Fundi Mudenyo akazilaza miezi mitatu chini ya turubai,
akizigeuza kama mgonjwa.
"Mbao mbichi ni mgeni mwenye haraka," alisema,
"hukubali kila kitu, kisha hujipinda."
Hayo ndiyo maneno yake ya wiki nzima.
Siku ya kusimamisha kona alining'iniza timazi,
tukaingoja ile risasi itulie,
mimi, yeye, Mama mlangoni pa jiko.
Hata Karembo aliacha kucheua.

Alhamisi moja nikarudi toka mjini, viatu mkononi,
nikakuta fremu ya mlango imesimama
na pengo ndani yake.
Nikapima. Futi nne kasoro inchi.
Nilichora mbili na nusu!
Ukuta wa rafu za vitabu vyangu
ulikuwa umeliwa, umebaki ubavu.
"Mudenyo, nani kakutuma?"
Hakujibu. Alielekeza randa jikoni.

Nikaingia na hasira yangu na karatasi yangu.
Mama alikuwa akichambua maharagwe,
hakuinua uso.
"Baba yako," akasema, "usiku ule
walimlaza juu ya benchi wamtoe.
Benchi halikupita.
Wakamwinamisha kwa ubavu, kama kabati.
Nilisikia kisigino chake kikigonga fremu.
Mara moja.
Nikasema pole. Sijui nilimwambia nani."
Akatupa kijiwe.
"Sitaki mtu wangu mwingine ainamishwe.
Sogea sasa, unanizibia mwanga."

Nikasogea.

Vitabu vipo chini ya kitanda, ndani ya katoni ya sabuni.
Mlango mzito namna hii, alisema Mudenyo,
hautoshwi na bawaba mbili.
Sikumwambia mtu,
lakini Jumamosi Njuguini alishuka na nne za chuma,
za Gikomba, zimefungwa kwa gazeti,
akaushikilia mlango kwa bega
hadi skrubu ya mwisho ikaingia.
Futi kamba ilibaki mfukoni.

Mvua za vuli zilianza usiku wa Jumanne.
Niliwasha taa, nikasikiliza mabati
yakijifunza kazi yake.
Mama akaja na gunia kichwani na kigoda mkononi,
akaketi katikati ya kizingiti,
nafasi kulia kwake, nafasi kushoto.
Alitazama juu muda mrefu, kona hadi kona.
"Choo chako," akasema,
"hakivuji."